Tulishuka Kipili Kutembea

Konso, Salome, na wengine wote mnaonisumbua tangu shule ifunguliwe: mmeniuliza safari ya meli ilikuwaje, na kila mara nimejibu "nzuri tu" halafu nikajifanya natafuta kalamu. Mnanijua. Mdomo wangu haufunguki mbele ya watu. Hata mwalimu akiniuliza jina langu naangalia chini. Kwenye daftari angalau hakuna anayenikodolea macho. Someni, mkimaliza mnirudishie, na tafadhali msinisimamishe bwenini nisimulie kwa mdomo.

Mambo ya tiketi naruka, hayana utamu. Lakini mpango lazima niueleze, maana mpango ulikuwa wangu.

Kaka yangu Deo mnamfahamu, yule anayeuza mitumba sokoni. Likizo ya Desemba alikuwa anapeleka maharage na ulezi Kigoma kwa meli, arudi na vitenge vya Zaire. Nilikuwa nimembembeleza tangu darasa la saba anichukue. Safari hii akakubali, kwa sharti kwamba chakula na matembezi nipange mimi, na visimtoe hela. Nikapanga kwa wiki mbili. Meli ile husimama kijiji hadi kijiji kando ya ziwa, pengine saa moja, pengine nusu siku, kutegemea mzigo. Nilimuuliza kila mtu aliyewahi kuipanda, nikachora mistari kwenye daftari: kituo gani, pana nini cha kuona bila kiingilio, na ndugu gani anakaa hapo tukale kwake. Hilo la ndugu ndilo nililojivunia. Nilimwambia Deo, wazungu wanalala hotelini, sisi tuna shangazi bandarini.

"Ruksa, meneja," akasema. "Ila mimi nakufundisha moja. Meli usiipimie saa. Ipimie magunia. Magunia yakiwa bado yamo mitumbwini, meli haiendi popote."

Niliandika hilo pia. Nikalipigia mstari.

Sumbawanga mpaka Mwimbi

Tuliondoka juu ya lori, tumekalia maharage yetu wenyewe. Mvua ilitukuta kabla hatujamaliza kuiacha milima ya Sumbawanga nyuma, na turubai lilikuwa la kufunika mzigo, si watu. Karibu yangu alikaa mama mmoja Msukuma, Mama Minza, aliyekuwa anaenda Kigoma kumwona mwanawe. Alikuwa amekumbatia kibuyu cha maziwa mgando kama mtoto mchanga. Deo alikuwa ameanza vituko vyake, anaimba, anamtania utingo, na Mama Minza akaniinamia.

"Huyu mumeo ana maneno mengi."

Nilitaka kusema si mume wangu, ni kaka yangu. Lakini abiria wengine walishageuka kutuangalia, na mimi mkiniangalia hivyo maneno yanarudi tumboni. Nikaitikia kwa kichwa. Basi Mama Minza akanipa mawaidha ya ndoa kilomita nzima: mume wa maneno mengi umpe ugali kwanza, ndipo umsikilize. Deo aliposikia alicheka mpaka akashika ubavu. "Mama, huyu ni mdogo wangu!" Mama Minza akanigeukia. "Na wewe muda wote unaitikia kwa kichwa! Siku moja utaozwa kweli kwa kunyamaza hivyo." Lori zima likacheka. Nilijifunika kanga.

Kabla ya Mwimbi lori likazama kwenye tope hadi kwenye ekseli. Tulishuka, tukakata matawi, tukasukuma, likazidi kuzama. Dereva akasema mpaka kesho. Kwa mpango wangu, siku iliyofuata mchana tungekuwa tumeshafika Kasanga tukatembea kwenda kuona maporomoko ya Kalambo. Nilichukua kalamu palepale topeni nikayafuta.

Mwimbi tulifika kwa miguu, tukalala kwa bibi mmoja wa ukoo wa mama, na hapo mpango wangu ulifanya kazi vizuri mno. Asubuhi lori lilikuwa limeshanasuliwa, dereva anapiga honi, na bibi ndiyo kwanza anasonga ugali wa ulezi. Mnajua wazee wa kwetu. Mgeni akiondoka na njaa, ni nyumba iliyotukanwa. Tukakaa. Dereva akaja kutugombeza, naye akakalishwa, akapewa sahani, akanyamaza. Ugali ulikuwa mweusi na mzito, na maharage ya nazi kule hayapo, ni maharage ya chumvi tu, lakini nilikula mpaka nikaona aibu.

Mwimbi mpaka Kasanga

Barabara ya kuteremka Kasanga nisiieleze sana. Mlima unakwisha ghafla na ziwa liko chini, na lori linashuka likinuka breki. Kasanga pana joto. Sisi tuliotoka juu na masweta yetu tulionekana kama wagonjwa wa malaria.

Meli ilikuwa haijaja, na hakuna aliyejua itakuja lini. Nilisema basi tukaone magofu ya boma la Mjerumani, yapo kwenye daftari, hayana kiingilio. Tulipokaribia askari wakatuambia haparuhusiwi, turudi. Deo akauliza, "Hata kwa mbali?" Akajibiwa kwamba hapo aliposimama tayari ni karibu. Tukarudi ufukweni, tukakaa juu ya magunia siku nzima na nusu. Tulikula mihogo na dagaa. Maji ya ziwa yaliniharisha. Ndiyo utalii wa Kasanga huo.

Deo aliniona nimenuna. "Usijali. Kipili tutatembea mpaka uchoke. Shangazi atatuchomea samaki, wale kuhe wa ziwani, wa kutosha."

Shangazi Felista ni dada wa baba, wa mwisho kuzaliwa. Niliwahi kumwona nikiwa na miaka saba, alipokuja kumzika babu. Nilikumbuka kitu kimoja tu: alinisuka, na hakunivuta nywele. Aliolewa Kipili na mvuvi, wana watoto wanne. Kwenye daftari nilikuwa nimeandika: *Kipili. Kula kwa shangazi. Kanisa la zamani la mapadri. Visiwa, kuviangalia kutoka juu.*

Kasanga mpaka Kipili

Daraja la tatu ni chini, karibu na injini. Tulitandika mkeka kati ya mananasi na mama wawili waliogombea nguzo ya kuegemea. Mama Minza alitupata, akasogeza miguu ya watu bila kuomba, akajipatia nafasi. Alinipa maziwa mgando kwenye kifuniko cha chupa. Tumbo langu likatulia kwa mara ya kwanza tangu Kasanga.

Asubuhi tukafika Kipili. Hakuna gati. Meli inasimama majini, mlango wa ubavuni unafunguliwa, na mitumbwi inakuja mbio kutoka nchi kavu kama kuku walioona mtama. Watu wanashuka na watu wanapanda kwa wakati mmoja, kwenye mlango uleule, na mbuzi wao. Mimi nilikuwa nimevaa gauni langu jekundu la Noeli. Deo alivaa miwani ya jua na kofia. Aliyatazama magunia ya mchele na dagaa yaliyopangwa ufukweni, akapiga mluzi. "Haya ni ya kutwa. Twende tukatembee, meneja."

Kipili

Tuliuliza nyumba, tukaelekezwa. Aliyetuelekeza alituangalia kuanzia kofia mpaka viatu, akasema, "Poleni." Deo akajibu, "Tumeshapoa," akidhani ni pole ya safari.

Nyumba ilikuwa na watu uani. Wanaume kwenye viti na magogo upande mmoja, wanawake kwenye mikeka upande wa pili. Sufuria kubwa jikoni. Nilianza kuelewa tukiwa bado hatua ishirini, lakini miguu iliendelea. Mwanamke mmoja akatuona. Akauliza ni akina nani, na Deo akasema tu, kwa sauti ya kawaida, "Watoto wa kaka yake Felista. Kutoka Sumbawanga."

Vilio vikalipuka upya. Wanawake walisimama, wakanikumbatia, wakanivuta kwenye mikeka, mmoja akanivua kandambili. Mwingine akanifunga kanga juu ya gauni jekundu, haraka haraka, bila kuniuliza, kama mtu anayefunika chungu. Shangazi alikuwa amekaa ukutani, amenyolewa. Nisingemtambua. Aliponiona hakulia. Alishika mkono wangu kwa mikono yote miwili akasema, "Mmefika. Nilijua mtafika."

Mumewe alikuwa amekufa. Homa, siku nne tu, akaondoka. Walikuwa wameshazika wiki iliyopita. Walitangaza redioni siku mbili mfululizo, jina la baba likasomwa, na jina letu la Sumbawanga. Redio yetu nyumbani ilikuwa haina betri tangu Novemba.

Na siku ile tuliyofika ilikuwa siku ya kumaliza msiba. Yaani saa nane mchana wangekaa kikao, kugawa vya marehemu na kuamua mjane na watoto wanakwenda wapi. Upande wa mume ulikuwepo wote. Upande wa mke, hakuna mtu. Walikuwa wameahirisha kikao mara moja kuwasubiri watu wa Ufipa juu. Sasa tulikuwa tumefika: Deo na miwani yake, na mimi.

Deo aliitwa upande wa wanaume. Mikeka haikuwa mbali, nilisikia kila neno. Aliyeongoza ni Mzee Kasiano, kaka mkubwa wa marehemu, mtu mrefu, mpole wa kusema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, shemeji. Tunashukuru mmekuja, ingawa mmechelewa. Baba yako hajambo?"

"Hajambo."

"Basi tuambie. Amekutuma na neno gani?"

Deo alivua miwani. Mnamjua Deo, sokoni anauza koti lenye tundu akasema ni la hewa. Hapo maneno yalimwisha.

"Mzee, kusema kweli hatukutumwa. Hatukuwa na habari. Sisi tunapita tu na meli, nina mzigo unakwenda Kigoma. Tulikuwa tumeshuka... kutembea."

"Kutembea."

"Ndiyo, mzee."

Wanaume walitazamana. Mzee Kasiano hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilokuwa analijua.

"Basi karibuni mtembee," akasema, akarudi kuongea na mwenzake.

Shangazi naye alikuwa amesikia. Alinivuta nyuma ya jiko, akaanza kuniambia kwa Kifipa, chini chini. Nitaandika Kiswahili chake.

"Oresta, nisikilize. Kasiano anataka kunichukua niwe wa kwake. Ana mke. Mimi sitaki. Nataka kurudi kwetu na wanangu, nikalime. Hilo linawezekana, hapa wapo wajane waliorudi na watoto wao, lakini wote walikuwa na watu wao waliokuja kuwaomba. Mtu asiye na watu haombewi. Umeelewa?"

"Ndiyo, shangazi."

"Deo aende na mzigo wake. Mimi simlaumu, ana biashara ya watu. Wewe baki. Baba atakufuata, au utapanda lori la Namanyere."

"Mimi sijui kusema, shangazi."

"Husemi kitu. Saa nane watauliza, mwenye mtu wake yuko wapi? Wewe unasimama unasema, nipo hapa. Basi. Mengine nitasema mwenyewe."

"Mimi mtoto."

"Wewe ni mtoto wa kaka yangu. Hata ungekuwa mchanga wa mgongoni, ni mtu wa kwetu."

Nilikuwa nimeshika kanga niliyofungwa, nazungusha ncha yake. Binti yake mkubwa, Sesi, wa miaka kama kumi, alikuwa anachochea moto. Alijifanya hatusikii.

Ndipo honi ya meli ikalia.

Deo akaja mbio. "Oresta! Tunaachwa!" Akaona uso wa shangazi, akapunguza sauti. Shangazi akamwambia alichoniambia mimi. Deo akanitazama. Sitamsingizia: hakunivuta mkono. Alisema, "Ukitaka kubaki, baki. Nitamwandikia baba barua kutoka Kigoma. Amua wewe, mimi lazima niende."

Sasa hapa mnisikilize vizuri, maana ndipo lilipo jibu la swali lenu. Sikuondoka kwa kulazimishwa. Nilifikiria wale wazee wote kwenye viti wakigeuka kuniangalia. Nilijiona nimesimama na gauni jekundu, mdomo umefunguka na sauti haitoki, halafu mtu anacheka. Hicho ndicho nilichokiona. Shangazi sikumwona. Na nitasema yote: nilikuwa pia nataka kuiona Kigoma. Nilikuwa nimeisubiri miaka mitatu.

Nikamwambia shangazi, "Tukirudi tutapita."

Akaniangalia kidogo. Kisha akanirekebishia kanga begani akasema, "Nenda na kanga, kule kuna upepo."

Wanawake walitaka tule kwanza, chakula kilikuwa kimeiva. Tukakataa. Tuliondoka kwenye nyumba ya msiba bila kula.

Kipili mpaka Kigoma

Tulipanda mtumbwi, tukapanda meli, tukakaa. Meli haikuondoka.

Honi ile ilikuwa ya kuita mitumbwi ya mchele iharakishe. Magunia bado yalikuwa ufukweni, yamepangwa kama tulivyoyaacha. Deo aliyaona. Mimi niliyaona. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Ile kanuni yake niliyoipigia mstari, sote wawili tulikuwa tumeisahau kwa honi moja.

Nilipanda juu, kwenye ukingo. Kutoka pale nyumba ya shangazi ilionekana vizuri, paa la nyasi lenye kiraka cha bati. Mama Minza akaja kusimama karibu nami, akauliza nina nini. Sijui kwa nini kwake mdomo ulifunguka. Nikamweleza yote.

"Saa ngapi hicho kikao?"

"Saa nane."

Akamwuliza baharia saa. Ilikuwa saa sita na nusu. Akanyoosha mkono, akaonyesha ufukweni. "Hesabu. Mitumbwi ina magunia nane nane. Hawa hawamalizi kabla ya saa tisa. Teremka, mwanangu."

"Honi imeshalia."

"Honi si meli! Teremka. Nauli ya mtumbwi nakupa."

"Nitaonekanaje? Nimeshaaga."

"Utaonekana umerudi. Kwetu mtu aliyerudi hachekwi."

Nikamwambia tumbo linauma. Lilikuwa linauma kweli, lakini si kwa namna niliyotaka aelewe. Mama Minza akaenda chini kwenye mkeka wake. Tangu hapo mpaka Kigoma alinipa maziwa kama kawaida, lakini hakunitania tena.

Nilikaa palepale ukingoni. Saa nane niliona watu wakihama kutoka kwenye jua kwenda kwenye kivuli cha nyumba. Walikuwa wadogo kama punje. Niliona mtu mmoja peke yake upande wa kushoto, amekaa chini, na kati yake na wengine palikuwa na nafasi. Nadhani ndiyo nafasi yangu. Waliongea kitambo, sisikii kitu, nasikia tu wapakizi wanaimba. Halafu wote wakasimama. Ilikuwa fupi. Nilifikiri vikao vya namna ile ni virefu.

Meli iliondoka saa kumi.

Vituo vilivyofuata vyote niliviandikia mpango, na vyote nilibaki ndani. Pana mahali milima inaingia ziwani ikiwa na msitu mzito, watu wakawa wanasema kule ndani kuna sokwe. Sikwenda hata kwenye dirisha. Deo aliniletea samaki wa kukaanga, akawaweka karibu yangu, akawaondoa walipopoa. Siku ya pili akasema, "Mimi ningeweza kudanganya. Ningesema baba amenituma. Nani angejua?" Nilikuwa nafikiri hilohilo.

Kigoma ni mji wa mteremko na miembe. Tulikaa siku tano. Deo aliuza mzigo vizuri, akamnunulia mama kitenge. Nilipelekwa Ujiji, nikaonyeshwa pale mzungu mmoja wa zamani alipomkuta mzungu mwenzake. Nilisimama hapo nikasema "pazuri." Hiyo ndiyo Kigoma yangu.

Kurudi

Tulipofika tena Kipili sikumsubiri Deo. Niliruka kwenye mtumbwi wa kwanza, nikiwa na kanga ya watu mkononi. Ilikuwa jioni, jua bado lipo.

Nyumba ya kiraka cha bati ilikuwa na kufuli. Nikaelekezwa kwa Mzee Kasiano, nyumba ya juu zaidi, mlimani. Shangazi alikuwa anaanika dagaa kwenye uwanja wake, na mke mkubwa amekaa kwenye kigoda anamwelekeza, hapa sawazisha, pale umerundika. Watoto wote wanne walikuwepo. Walimwambia kwenye kikao kwamba yeye ana hiari ya kwenda, lakini watoto ni wa ukoo, hawaendi. Aliulizwa mwenye mtu wake yuko wapi. Akasema wako melini. Kuna mzee mmoja akasema, "Basi wanatuona." Ndivyo Sesi alivyonisimulia, mama yake hakuniambia hata neno.

Alibaki kwa ajili ya watoto.

Nilipiga magoti kumsalimia, nikampa kanga. Akasema kaa nayo. Akanipakulia chakula, samaki na ugali wa muhogo, akaninawisha mikono mwenyewe kama mgeni wa heshima. Mara hii nilikula chote.

Nyumbani

Baba alisikiliza amesimama. Hakunipiga, hakumpiga Deo. Alikwenda kununua betri, akaziweka kwenye redio, ikaanza kupiga muziki, akaizima. Kesho yake akapanda lori la Namanyere kwenda kushuka Kipili. Alikaa siku tisa. Aliporudi alikuwa amekonda, na alikuja peke yake.

"Nimeongea nao vizuri," alimwambia mama. "Kasiano ni mtu mwelewa. Amesema ningekuwepo siku ile, angempa Felista na watoto bila ubishi. Lakini kikao kimeshakaa, wazee wameshatawanyika. Hawezi kuwaita watu kutoka visiwani kwa jambo lililoisha." Akaketi, akaanza kuvua viatu. "Na ana haki. Hata mimi ningesema hivyo."

Tangu siku hiyo baba huniita kwa jina zima la ubatizo. Zamani aliniita mama.

Kuna jambo moja sikumwambia baba, na nyinyi nawaambia kwa sababu mliniuliza mimi, si yeye. Siku ile ya kurudi, nilipomaliza kula, shangazi alitoa sahani, akakaa karibu yangu. Mke mkubwa alikuwa ameingia ndani. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaka kujua.

"Mara ile mliposhuka, mlikuwa mmekuja kuangalia nini?"

Sikuweza kudanganya. "Visiwa, shangazi."

"Mliviona?"

"Hapana."

Akasimama, akafuta mikono yenye magamba kwenye nguo, akanishika mkono. Tukapita nyuma ya nyumba ya Mzee Kasiano, mahali mlima unapoinuka kidogo. Ziwa lote lilikuwa chini. Akaanza kunionyesha kwa kidole, kimoja kimoja, kwa majina: hiki kina watu, hiki hakina, kile kuna shamba la fulani, kile cha nyuma wanakwenda kutega tu. Hakuruka hata kimoja. Na mimi nikatazama kila alikoelekeza, nikaitikia, mpaka alipovimaliza.